Niliifundisha Mashine Kusema Maji ni Mazuri

Kosa ni langu. Naanza hivyo kwa sababu kila nilipojaribu kulisema kwa mdomo nilianzia mbali, nikazunguka, na mpaka nilifikie lenyewe, anayenisikiliza alikuwa ameshaamini kitu kingine. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatisha. Naandika polepole, shule yangu iliishia darasa la saba, na haya unayoyasoma yamenichukua siku nne.

Niliua samaki wazazi wa mjomba wangu. Sikutumia sumu wala wavu. Nilibonyeza kitufe kimoja, nikakishikilia mpaka kikalia.

Ngoja nikueleze walikuwa samaki gani, maana ukisikia samaki utasema si watanunuliwa wengine.

Mjomba anaishi Isansa. Ana mabwawa matatu chini ya shamba lake la kahawa, karibu na kijito. Huku kwetu ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba maji yanauma mkono, na sato hawapendi baridi, wanadumaa, wanabaki saizi ya kiganja. Watu wengi walichimba mabwawa wakachoka, wakapanda magimbi humo humo. Mjomba hakuchoka. Kila mwaka baridi ilipoisha alivua bwawa zima, akachagua wale wachache waliokua licha ya baridi hiyo, akawatenga wazae. Mwaka uliofuata akachagua tena katika watoto wao. Alifanya hivyo miaka minane.

Hao waliochaguliwa walikaa bwawa la juu, lile dogo. Wengine aliwajua kwa sura. Kulikuwa na jike mmoja mwenye kovu mgongoni, ndege alimparua akamkosa akiwa mdogo. Mjomba alimwita Bibi. Na nyumba nyingi hapa kijijini zilikuwa zimefukua upya mabwawa yao, zinangoja vifaranga wa mjomba mvua zikianza.

Mwaka juzi mjomba alianguka na pikipiki akavunjika nyonga. Jirani yake wa upande wa juu, Baba Yohana, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani akapata gari la hospitali. Akapona, lakini anatembea kwa magongo, na njia ya bwawani ni mteremko mkali. Ndipo mama yangu, dada yake, akaniita nitoke Tunduma nikawe miguu yake.

Tunduma nilikuwa kwenye ghala la mahindi, nasimamia mzani. Sikuwa na rafiki. Mimi ni mtu wa Ibaba kule Ileje, Kiswahili changu kina Kindali ndani yake, na nikifungua mdomo watu walicheka. Kwa hiyo niliacha kuufungua. Kulikuwa na mnunuzi mmoja Mzambia, akifika anasalimia, “Mulishani, mune,” nami naitikia kwa kichwa. Siku moja akawauliza wenzangu, “Huyu mnamlisha nini, mbona hana sauti?”

Mmoja akajibu, “Sauti ameiacha Ileje, bosi. Itakuja na Hiace ya Jumamosi.”

Walicheka mpaka wakakaa chini juu ya magunia. Nami nilicheka kidogo, ili yaishe.

Kitu kimoja nilikijua vizuri pale. Asubuhi kabla ya wateja unaangalia mshale wa mzani. Kama haujakaa kwenye sifuri unazungusha kiskrubu mpaka ukae. Mkubwa wa ghala aliniambia, “Mzani ukitangatanga usibishane nao. Uzungushe mpaka urudi kwake.” Nililifanya hilo kila siku, na ndilo jambo pekee nililowahi kusifiwa. Likumbuke hilo, maana nililibeba mpaka Isansa.

Miezi michache baada ya mimi kufika kwa mjomba, alikuja mtaalamu wa samaki, dada mmoja kijana. Alituletea kifaa cha kupima hewa iliyomo ndani ya maji, ile oksijeni wanayovuta samaki. Kina kioo kidogo cha namba, na waya mrefu wenye kichwa cha kuingiza majini. Samaki hafi kwa kukosa maji tu, alisema, anaweza kufa ndani ya maji kwa kukosa hewa. Akatueleza jambo ambalo mjomba alilijua kwa uzoefu: msimu wa kuvuna kahawa, kila shamba la juu linamenya kahawa yake na kuiosha, na maji yale matamu yanateremka kijitoni. Yakioza yanakula hewa. Huwezi kuona kwa macho. Harufu yake ya kuchacha ipo bonde zima msimu wote, kwa hiyo hata pua haikusaidii.

Kazi yangu ilikuwa rahisi. Asubuhi nipime, niandike kwenye daftari, nimpandishie mjomba. Namba ikishuka chini ya nne, nifunge ubao wa mfereji unaoleta maji ya kijito, na nifungue bomba la chemchemi liangukie bwawani kwa nguvu, lichanganye hewa.

Halafu akasema kuhusu kusawazisha. Kila Jumatatu, kabla ya kupima, kifaa kikumbushwe hewa iliyojaa ni ipi. Alizungumza haraka, simu yake ililia katikati, akaipokea, akarudi, akamalizia. Mikono yake ilikuwa inafanya kitu ambacho sikukiona kwa sababu alinipa mgongo. Niliona tu kidole chake kimeshikilia kitufe mpaka kifaa kikalia.

“Tumeelewana, kaka?”

Nikatikisa kichwa kukubali.

“Una swali?”

Nikatikisa tena, upande mwingine.

Mjomba akacheka. “Mpwa wangu haongei, binti, lakini akishika kitu ameshika.”

Alisema kwa fahari. Ningewezaje baada ya hapo kusema sikuona?

Basi sikusawazisha. Jumatatu ya kwanza sikusawazisha, wala ya pili, wala zilizofuata. Mjomba aliuliza kutoka barazani, “Umekisawazisha?” nami nikajibu, “Ndiyo, mjomba.” Namba zilikuwa tano, tano na kitu, siku nyingine sita. Hakuna kilichoharibika. Ndani ya mkoba wa kifaa kulikuwa na kikombe kidogo na kipande cha sifongo. Nilidhani sifongo ni ya kufutia tope.

Msimu wa kahawa ukafika. Mashine za kumenyea zikaanza kunguruma huko juu. Jumatatu moja nikashuka bwawani, nikaingiza kichwa cha kifaa, namba ikasoma tatu nukta moja.

Nilipima mara tatu. Tatu nukta moja.

Hapo nilitakiwa kufunga ubao na kufungua bomba. Sasa sikiliza kilichonizuia, maana ni kitu kidogo na cha aibu. Chemchemi ile ndiyo inayowanywesha watu wa bondeni. Ukifungua bomba la bwawa, bomba la watu linakauka. Na asubuhi ile wamama na mabinti walikuwa wamepanga ndoo pale, kumi na zaidi. Ningepaswa kwenda kusimama mbele yao, niseme kwa sauti, “Samahanini, nafunga maji.” Najua wangenijibuje. Wiki moja nyuma nilipita tu pale, mmoja akasema, “Mke wa samaki huyo anapita,” wakaangua kicheko.

Niliziangalia zile ndoo. Nikaangalia maji ya bwawa, yalikuwa kama ya jana. Nikasema moyoni, maji hayana tatizo. Kifaa ndicho kimetangatanga, kwa sababu wiki zote hizi nimedanganya kwamba nakisawazisha. Nilijisikia kama mtu aliyekumbuka deni la kazi. Nikasema leo nitakisawazisha kweli.

Nikafanya kama mzani. Nikakiacha kichwa chake humo humo bwawani, nikabonyeza kitufe, nikashikilia. Kikalia. Namba ikapanda mpaka saba nukta nne.

Wewe unayejua mambo haya umeshaelewa. Mimi nilielewa baadaye sana. Kifaa kile hakijui uko wapi unapokibonyeza. Kinaamini umekiweka kwenye hewa iliyojaa. Nami nilikuwa nimekiweka kwenye maji yanayokosa hewa, nikakiambia, haya ndiyo maji mazuri, kuanzia leo pima kwa haya.

Nikaandika saba nukta nne. Niliondoka pale nikiwa na furaha, sikulazimika kuongea na mtu.

Jumanne ilikuwa sita nukta mbili. Jumatano tano nukta mbili. Jumatano hiyo samaki walikuwa juu, midomo wazi, wanafungua na kufumba. Nilimweleza mjomba nilipompa daftari.

“Wako juu wanafanya nini?”

“Wanafungua midomo, mjomba.”

“Namba?”

“Tano nukta mbili.”

Akaisoma mwenyewe, akaiweka miwani kichwani. “Basi hewa ipo. Hao wana njaa. Waongezee.”

Nikashuka nikawaongezea pumba na mashudu. Chakula walichokiacha nacho kilioza humo, kikala hewa iliyobaki. Alhamisi namba ilikuwa nne nukta tatu. Midomo bado ilikuwa juu. Nilifikiria bomba, nikaangalia ndoo za watu, nikasema bado haijafika nne.

Ijumaa asubuhi bwawa lilikuwa jeupe.

Yalikuwa matumbo yao. Wakubwa wote. Wadogo wachache walikuwa hai, wamejibana kwenye pembe, kwa sababu mdogo anahitaji hewa kidogo. Bibi alikuwa chini kabisa ya bomba la chemchemi, lile lililofungwa, pale ambapo huwa linadondosha tone moja moja. Kichwa chake kilielekea kule kwenye tone. Mdomo ulikuwa wazi.

Sikumbuki nilivyopanda. Nakumbuka mjomba aliniona usoni tu, hakuuliza. Aliacha magongo barazani, akakaa chini, akateremka mteremko ule kwa makalio, akijisukuma kwa mikono, mimi nyuma yake sijui nimshike wapi. Hakuwa amefika bwawani mwaka mzima na zaidi. Alipofika alikaa kwenye tope akaangalia muda mrefu.

Kisha akasema, “Daftari.”

Nilimpa. Alipitisha kidole kwenye namba za wiki ile, moja baada ya nyingine.

“Jana nne nukta tatu. Hewa ilikuwepo.” Akalifunga. “Basi ni sumu.”

Jumatano Baba Yohana alikuwa amepulizia dawa kabichi zake kando ya kijito, juu yetu. Kila mtu alimwona na pampu mgongoni.

Ningesema hapo. Neno lilikuwa dogo tu. Lakini mjomba alikuwa analia bila sauti, na mimi mbele ya mtu anayelia nakuwa kama mti.

Kesho yake mtaalamu alifika. Mjomba alisisitiza apime. Dada yule akafungua mkoba, akatoa kile kikombe na ile sifongo. Akailowesha sifongo kwa maji safi, akaikamua kidogo, akaitia ndani ya kikombe, akakivisha kikombe kichwa cha kifaa, kikining’inia humo bila kugusa maji. Akasubiri kitulie, akiongea na mjomba bila kuangalia kioo. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kinavyosawazishwa. Sifongo ile inaijaza hewa ya ndani ya kikombe unyevu, na hewa hiyo ndiyo kinayoitumia kifaa kujikumbusha.

Kidole chake kikaenda kwenye kitufe. Nilijua akibonyeza, nilichokifanya kitafutika. Neno lilikuwa “ngoja”. Kifaa kikalia.

“Kifaa kiko sawa,” akasema.

“Umesikia,” mjomba akaniambia.

Nilisikia.

Maji yenyewe yalipopimwa yalikuwa na hewa kidogo, lakini alisema hilo halishangazi, samaki wamekufa humo na wanaoza. Hakuwa na namna ya kujua zaidi. Simlaumu hata kidogo.

Jumatatu tulikuwa ofisi ya kijiji. Mjomba alilazwa kwenye toroli la ng’ombe mpaka pale, yeye ambaye kila Jumapili alikuwa anapakiwa kanisani na Baba Yohana huyo huyo kwenye pikipiki yake.

Baba Yohana alisimama ameshika kofia. “Ndugu yangu, mimi nimekubeba mgongoni. Leo nikutilie sumu?”

Mjomba hakumwangalia. Aliweka daftari mezani. “Sisemi mimi. Daftari halina ugomvi na mtu.”

Mwenyekiti akalifungua, akaniita mbele. “Kijana, hizi namba umeandika wewe?”

“Ndiyo.”

“Ni za kweli?”

Watu walikuwa wamejaa mpaka madirishani. Wale mabinti wa bombani walikuwepo. Nikasema, “Ndivyo mashine ilivyosema.”

Ni kweli, ndivyo ilivyosema. Hakuna neno la uongo hapo, na sijawahi kusema uongo mkubwa kama huo.

Mwenyekiti hakuhukumu. Alisema ushahidi wa sumu hautoshi, lakini Baba Yohana asilime tena kabichi kando ya kijito. Hukumu nyingine watu waliitoa wenyewe. Kabichi zake zilioza shambani, hakuna aliyezitaka, wanaziita kabichi za sumu. Mtoto wake alipigiwa kelele shuleni. Na mjomba haendi kanisani tena, kwa sababu hana wa kumpakia na hataki kukaa benchi moja na yule.

Wiki ya tatu sikuweza kula. Nikamwendea mjomba barazani nikamweleza yote, tangu Jumatatu ya kwanza, kikombe, sifongo, kitufe. Nilimaliza. Aliniangalia kwa upole ambao ulinitisha kuliko hasira.

“Nani amekutuma?”

“Hakuna, mjomba.”

“Ni yeye. Anajua wewe ni mpole, huwezi kukataa. Amekwambia jichukulie kosa, mjomba wako atakusamehe, ugomvi uishe.”

“Mjomba, ni mimi. Nilikibonyeza ndani ya maji.”

“Mtaalamu alikipima mbele yangu, akasema kiko sawa. Nawe ulisimama pale pale. Si ungesema?” Akanishika mkono. “Usimbebee mtu mwingine mzigo wake, mpwa wangu. Wewe umeandika vizuri. Kila siku umeandika.”

Nilimpigia dada mtaalamu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema inawezekana kabisa ikawa hivyo, lakini kifaa kile kinakumbuka usawazisho wa mwisho tu, na wa mwisho ni wake. “Nikija nitasema nini, kaka? Mimi sikuiangalia namba ya kabla ya kubonyeza.” Hata hivyo alimpigia mjomba, akamwambia inawezekana. Mjomba alimshukuru kwa kumhurumia kijana.

Nikaenda kwa Baba Yohana. Alikuwa ananoa jembe. Nilimweleza naye, hakuacha kunoa.

“Umemwambia mjomba wako?”

“Nimemwambia.”

“Amesemaje?”

“Amesema umenituma.”

Akakagua makali kwa kidole gumba. “Basi,” akasema, akaendelea.

Mabwawa sasa yana wale wadogo waliobaki. Hakuna anayejua nani kati yao ana damu ya kuhimili baridi, mpaka baridi ipite, na nyingine, na nyingine. Mjomba anasema ataanza upya kuchagua. Nywele zake ni nyeupe zote. Watu waliofukua mabwawa wameanza kurudisha magimbi.

Naandika haya nikikuomba wewe uliyepewa kifaa cha kupima, kiwe cha maji, cha dawa, cha damu, cha chochote. Kama ulitikisa kichwa bila kuelewa, rudi leo ukaulize, hata kama umeshatikisa mara nyingi na watu watacheka. Watacheka siku moja. Na kifaa kikikwambia jambo baya, usikishike mpaka kikubali kusema zuri. Fanya kwanza kile ulichoambiwa ufanye, fungua bomba, kisha ndipo ukague kifaa. Na kama umeshakosea, sema kabla mtu mwingine hajabonyeza kitufe juu ya kosa lako. Baada ya hapo unaweza kusema ukweli kutwa nzima na usipate wa kuuamini.

Kila Jumatatu sasa nalowesha sifongo. Naikamua, naitia kwenye kikombe, nasubiri namba itulie kabisa. Leo bwawa la juu lilikuwa tano nukta nne, na safari hii ni tano nukta nne ya kweli. Nilimpandishia mjomba daftari. Hakuniangalia usoni. Alisoma namba, akaiamini, kama alivyoiamini ile nyingine.